Kupima Kifaru kwa Mabega ya Askari Wake

Leo tuweke kando habari za seva na hifadhidata. Wengi wenu mnajua kwamba Jumapili zangu huishia mezani, na si meza ya kompyuta bali meza ya mchezo. Wiki hizi chache mchezo huo umenifanya niandike kodi nyingi kuliko kazi inayonilipa mshahara, na sababu yake ni gari moja la plastiki lisiloweza kubeba watu linaodaiwa kuwabeba.

Kwa msomaji asiyeujua: Warhammer 40,000 ni mchezo wa vita vya kubuni vya siku za mbali mno, wenye majitu, mashetani na vyombo vya angani. Uliandikwa na Rick Priestley na kutolewa na kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, mwaka 1987. Hauna skrini. Unanunua askari wa plastiki wakiwa vipande vipande, unawaunganisha kwa gundi, unawapaka rangi kwa brashi nyembamba hadi macho yanauma, kisha unawasogeza mezani kwa utepe wa kupimia na kuamua nani amekufa kwa dadu. Askari mashuhuri zaidi ni Space Marine, mtu aliyekuzwa na wanasayansi hadi akafika kimo cha futi 7 hivi, akavikwa deraya mwili mzima na vikinga mabega vikubwa kama sufuria. Gari lao la kuwapeleka vitani linaitwa Rhino. Modeli yake ya kwanza ilitoka mwaka 1988, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikachongwa upya.

Hapa Kiswahili kilinichekesha. Waingereza walilipa gari lao la vita jina la mnyama, lakini sisi tulishafanya hivyo zamani. Kifaru mwenye pembe anakimbia, kifaru chenye mzinga kinakimbia, na ni ngeli tu inayokuambia ukimbilie wapi. Basi gari hili nitaliita Kifaru, na kwa sababu ni la chuma nitalipa ki- yake.

Kanuni za mchezo zilisema kwa miaka mingi kwamba Kifaru hubeba askari 10. Hakuna aliyehoji sana. Unawaondoa askari 10 mezani, unawaweka kando ya kikombe cha chai, unasema wako ndani, na gari linasonga. Binti yangu mwenye miaka 8 ndiye asiyekubali mambo ya kusema tu. Alilifungua lango la nyuma, akajaribu kumwingiza askari mmoja, akageuza, akalaza, akanirudishia akauliza: "Baba, hawa kumi wanakaa wapi?" Nilimwambia tutapima. Tulichukua kalipa.

Kifaru changu kina urefu wa milimita 110 hivi na upana wa 75, minyororo ikiwemo. Askari wa kisasa, kutoka kikinga bega kimoja hadi kingine, ana milimita 26. Tufanye hesabu ya darasa la tano. Benchi mbili zinazotazamana, watu watano kila upande, mabega kwa mabega: 26 mara 5 ni 130. Benchi peke yake inazidi gari zima kwa sentimita 2, na bado hatujamtafutia dereva nafasi wala injini haijapata mahali.

Ukiishia hapo utasema aliyechora gari hakujua kuhesabu, na utakuwa umemwonea. Ili kuelewa kilichotokea ni lazima tujue skeli yenyewe ni ipi, na hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Modeli za vita vya kweli huandikwa skeli kwa sehemu: 1/35, 1/48, 1/72. Ukiona 1/35 unajua sentimita moja ya plastiki ni sentimita 35 za chuma, basi. Michezo ya mezani ina desturi nyingine, ile ya kutaja kimo cha mtu: "milimita 28". Lakini 28 kutoka wapi hadi wapi? Wengine hupima kutoka unyayo hadi macho, kwa sababu kofia na nywele hudanganya. Wengine hupima hadi utosini. Chukua mtu wa mita 1.75, ambaye macho yake yako kwenye mita 1.63 hivi. Ukipima hadi machoni unapata skeli ya 1/58. Ukipima hadi utosini unapata 1/62. Jina moja, namba mbili. Wanaprogramu mnaijua hali hii: ni kama sehemu ya hifadhidata iliyoandikwa "tarehe" bila kusema ni tarehe ya kuagiza au ya kupokea.

Tuchukue 1/58. Kifaru cha milimita 110 kinakuwa gari la mita 6.4. Linganisha na M113 ya Marekani, gari la deraya lililoingia jeshini mwaka 1960, ambalo linafanana na Kifaru kuliko sadfa ya kawaida. M113 ina urefu wa mita 4.86, na humo hukaa watu wawili wa kuliendesha na abiria 11. Na kama unaona huo ni msongamano, kumbuka matatu ya abiria 14, Toyota HiAce, haifiki hata mita 5. Kwa hiyo gari la mita 6.4 linawatosha watu 10 vizuri, mradi wawe watu.

Askari wangu wa zamani, wale wa miaka ya 1990 na 2000 waliochuchumaa kidogo kama wanaosubiri choo, wana kimo cha milimita 33. Kwa 1/58 hiyo ni mita 1.91, yaani jitu la kwenye hadithi lilikuwa mezani mtu mrefu wa kawaida tu. Mwaka 2017 kampuni ikatoa kizazi kipya, Primaris, waliosimama wima. Wangu wana milimita 38, ambayo ni mita 2.2. Kimo cha hadithi hatimaye kikapatikana. Ila gari halikuguswa! Tena kanuni za mwaka huo ziliwakataza Primaris kuingia ndani ya Kifaru. Wakatengenezewa magari yao mapya, makubwa na ya bei. Mwili ulirekebishwa, gari likabaki na vipimo vya wale wa zamani.

Kimo lakini ndicho tatizo dogo. Rudi kwenye mabega: 26 mara 58 ni mita 1.5. Mtu wa mita 2.2 mwenye mabega ya mita moja na nusu! Ile bunduki yake, hadithi inasema risasi ina kipenyo cha milimita 19. Mdomo wa bunduki kwenye plastiki una milimita 3, yaani sentimita 17 za kweli, bomba la maji machafu kabisa. Mtindo huu wa uchongaji una jina lake, skeli ya kishujaa. Kichwa, mikono, mabega na silaha hukuzwa ili jicho lililo mita moja juu ya meza lione ni nani na ameshika nini. Siulaumu. Askari wenye uwiano wa kweli, ukiwatazama kutoka mbali, ni kama njiti za kiberiti. Lakini matokeo yake ni kwamba mwili mmoja una skeli mbili: kwenda juu ni 1/58, kwenda pembeni ni kama 1/35 au 1/40. Gari halina skeli ya kishujaa. Gari ni sanduku.

Sinema nazo zina dhambi hii. Lile gari la deraya la Aliens, filamu ya James Cameron ya mwaka 1986, lilijengwa juu ya trekta la kuvutia ndege uwanjani, na chumba cha ndani kikajengwa kwingine, studioni, kwa sababu kamera, taa na waigizaji vinahitaji nafasi ambayo trekta halina. Mtazamaji haoni mshono kwa kuwa mkato wa filamu unaufunika. Mezani hakuna mkato, gari na mtu wamesimama pamoja na binti yako anaangalia.

Sasa kazi. Wazo la kwanza la kila mtu mwenye printa ya 3D ni kufungua programu, kuandika asilimia, na kubonyeza. Ukitaka benchi ya 130 na chumba cha dereva cha 40, unahitaji 170, yaani mara 1.55. Upana unakuwa 116. Ujazo unakuwa mara 3.7. Na kila kitu kimekua pamoja: vishikio vya mlango ambavyo askari anafikia kwa ngazi, taa kama ngoma, bolti kubwa kuliko ngumi. Umepata gari linalotosha askari 10, lakini linaonekana la majitu wengine wakubwa zaidi. Macho hayasomi ukubwa wa gari kwa urefu wake. Yanausoma kwa vitu vinavyoguswa na mikono: mlango, kishikio, kidato, tundu la paa. Ukivikuza hivyo umeikuza skeli, na askari wako ameonekana mdogo zaidi kuliko mwanzo.

Waliotengeneza programu za Android watakumbuka picha ya vipande tisa. Una kitufe chenye pembe za mviringo, unataka kirefuke kutoshea maandishi yoyote. Ukikivuta kizima, pembe zinaharibika. Kwa hiyo unaweka alama pembeni mwa picha kusema: pembe hizi nne zisiguswe, kati hapa pavutwe. Hiyo ndiyo dawa. Kifaru kina pua, kina matako, kina milango, na katikati kina bamba tupu la chuma. Bamba likivutwa halilalamiki.

Nilikichora upya kwa OpenSCAD, programu huria ambayo hauchori kwa kipanya bali unaandika kodi na umbo linatokea. (Kabla hamjauliza: faili sisambazi wala siuzi, muundo una wenyewe. Hiki ni cha meza yangu.) Uzuri wa kodi ni kwamba inakulazimisha useme nani anamtegemea nani. Mwanzo wa faili hauna hata kipimo kimoja cha gari:

upana_mabega = 26;
kina_mwili = 20;
kimo = 38;
safu = 2;
askari_kwa_safu = 5;

upana_chumba = safu * upana_mabega + 2;
urefu_chumba = askari_kwa_safu * kina_mwili;
kimo_chumba = kimo + 6;

Angalia nilivyoacha benchi. Mtu mwenye mabega ya 26 lakini kina cha 20 tu, mkoba wa mgongoni ukiwemo, hakai vizuri pembeni. Anasimama vizuri akitazama mbele, mmoja nyuma ya mwingine, kama foleni ya M-Pesa. Deraya zao zina nguvu zake, kusimama saa nzima si shida. Safu mbili za watu watano zinahitaji chumba cha 100 kwa 54. Ongeza 40 za dereva na injini: urefu 140. Ongeza 18 za mnyororo kila upande: upana 90. Kutoka 170 tumeshuka hadi 140 bila kumpunguza mtu hata mmoja, kwa kubadilisha walivyosimama tu. Sehemu hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Kwa hiyo urefu umekua mara 1.27 na upana mara 1.2. Kimo ni hadithi yake. Chumba kilitaka gari lipande kwa milimita 8. Lakini kuna mnyororo unaozunguka ubavu mzima, na mnyororo hauvutwi. Una viungo, na kiungo ni kizima au hakipo. Viungo vyangu vina milimita 6. Kurefusha gari kwa 30 kunaongeza 30 juu na 30 chini, jumla 60, viungo 10 kamili, safi. Kupandisha kwa 8 kunaongeza 8 mbele na 8 nyuma, yaani 16, na 16 haigawanyiki kwa 6. Nikapandisha kwa 9. Jumla 18, viungo 3. Milimita moja ya hewa juu ya kofia zao imetokana na hesabu ya kugawanya, na wala haionekani.

Vitu vingine pia vinakataa kukuzwa. Sumaku za kushikia paa ni za milimita 5 kwa kuwa dukani ni za milimita 5. Nafasi kati ya mlango na fremu ni 0.2, na ukiikuza mlango unacheza kama jino bovu. Ukuta ni 1.2, mistari mitatu ya pua ya printa ya 0.4. Hili la ukuta lina faida mfukoni: ukikuza kila kitu mara 1.25, plastiki inaongezeka kwa kipeo cha tatu, mara 1.95. Ukiushika ukuta pale pale, plastiki inafuata eneo la bamba, mara 1.56 hivi. Moja ya tano ya filamenti imebaki kwenye koili, na saa za kuchapisha zimepungua, jambo lenye maana mahali ambapo stima ina hiari yake.

Tundu la paa, mlango wa nyuma na vishikio vilifuata mwili wa askari peke yake. Mlango una upana wa 30, mabega ya 26 yanapita na mkono wa bunduki unabaki na nafasi.

Nikalipeleka mezani. Mwenzangu tunayecheza naye, mhasibu kwa kazi na mkali vivyo hivyo kwa tabia, alilitazama akasema: "Mzee, hiyo si gari tena, hiyo ni ukuta."

Ana hoja, na si ndogo. Katika mchezo huu unampiga unayemwona. Gari la urefu wa 140 linaficha askari wengi nyuma yake kuliko la 110, na mlango ulioko mbali zaidi unawashusha watu mbele zaidi. Toka mwaka 2020 kanuni zimekubali meza ndogo kuliko zamani, inchi 44 kwa 60 kwa pambano la kawaida, kwa hiyo kila sentimita inahesabika. Akanitajia jambo la pili, gumu zaidi kulijibu. Bunduki ya askari hawa ina masafa ya inchi 24 kwenye kanuni, ni sentimita 61. Kwa 1/58 hiyo ni mita 35! Kijana mwenye bega zuri anafikisha jiwe. "Kama ardhi yenyewe haina skeli," akasema, "gari lako linataka skeli ya nini?"

Nimelifikiria hilo siku kadhaa. Kweli ardhi imekunjwa, la sivyo tungecheza uwanja wa mpira. Kweli pia kwamba Kifaru cha zamani ni kete, kama kete ya drafti, na hakuna anayeuliza kete ya drafti ina milango mingapi. Lakini kete haina lango la nyuma linalofunguka. Waliochonga hili waliweka bawaba, wakaweka na sakafu ndani. Ukimwonyesha mtu mlango umemkaribisha kuuliza ndani kuna nini. Masafa ya bunduki hayaonekani kwa macho, ni namba kitabuni, na namba tunazikubali. Bega linalogonga fremu ya mlango tunaliona.

Tena mchezo huu ulizaliwa kwa watu kujitengenezea. Miaka ya mwisho ya 1980, magari ya plastiki yakiwa machache, jarida la kampuni yenyewe, White Dwarf, lilifundisha wasomaji kutengeneza kifaru kinachoelea kwa chupa tupu ya dawa ya kwapa. Hakuna aliyepima kwapa.

Mapatano yetu ni haya. Chini ya tumbo la gari nimegundisha kadi nyembamba ya 110 kwa 75, rangi nyekundu, ukubwa ule ule wa gari la kiwandani. Umbali wote unapimwa kutoka ukingo wa kadi: kusogea, kushusha watu, kupiga na kupigwa. Kuhusu kujificha, askari aliyeko nyuma ya sehemu iliyozidi kadi anahesabiwa anaonekana. Mhasibu alileta rula yake mwenyewe kuikagua kadi, akaandika mapatano kwenye daftari, tukatia sahihi wote wawili. Mchezo wa kwanza alinishinda kwa pointi 12, na Kifaru kililipuka raundi ya pili kikiwa na askari wote 10 ndani. Niliwatoa mmoja mmoja kupitia lango la nyuma. Bado sijapaka rangi upande wa kushoto, na viungo vitatu vya mnyororo vinasubiri stima irudi.